Jumanne Hakuna Kunusa

Alikuja na karatasi: amerudishwa mara mbili.
Kosa la kwanza, kula kochi.
La pili, kula mlango.
Jina lake Rähn, yaani kigogota,
na usiku kucha mkia wake uligota ukuta wangu
mpaka jirani naye akagota kutoka upande wa pili.

Heldur alimshika masikio, akamkagua meno,
kisha akanitazama mimi.
"Huyu si mkorofi. Huyu hana kazi."
Kiwanda cha viberiti kilikuwa kimetufungia lango tangu Machi;
sikuuliza anamsema nani.

Miaka thelathini na moja aliendesha garimoshi la mizigo,
hajui kuishi bila ratiba.
Akaniandikia yangu nyuma ya risiti ya mbao:

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, msitu wa Elva.
Mbio fupi: dakika mbili kwa nguvu, moja kwa kutembea, mara sita.
Mshipi kiunoni, kamba ya mpira, mbwa mbele anavuta,
nawe nyuma unagundua kwamba una magoti.
"Paremale" ni kulia, "vasakule" ni kushoto.
Rähn alijifunza neno moja tu, nalo halikuwamo:
mbele.

Alhamisi, mwendo wa pole, pua ina ruhusa.
Kila kisiki ni gazeti.
Anasoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa,
hadi matangazo ya vifo.

Jumapili, kilomita saba kulizunguka ziwa.
Mbwa hafi maji akiona ufuko,
lakini Rähn haangalii ufuko, anaangalia bata,
na mara mbili nimeingia ziwani na viatu vyangu,
nimefungwa kiunoni kwa uamuzi usio wangu.

Siku zilizobaki ni za kulala.
Kagua nyayo. Paka nta kati ya vidole.
Joto likipita nyuzi kumi na tano, rudini nyumbani,
hata akililia mlango. Hasa akililia mlango.

Tulikuwa wachache. Endla, muuguzi,
alitoka zamu ya usiku moja kwa moja hadi msituni
na mbwa wa kuchunga asiye na kondoo;
akatuchunga sisi, akituuma visigino tukitawanyika.
Meelis, miaka kumi na mitatu, mfupi kuliko hasira zake,
alivutwa na dume la madoadoa
kama bahasha iliyokamatwa na upepo.
Na Heldur mbele kabisa na Tuhk wake,
rangi ya majivu, umri wa majivu,
asiyevuta tena, ila kamba haikuwahi kulegea:
Heldur ndiye aliyepunguza mwendo,
nasi tukajifanya hatuoni.

Kochi jipya lilimaliza mwezi.
Kisha miwili.
Nami nikawa nalala.

Jumanne moja ya Oktoba, umande umeganda juu ya kuvumwani,
Heldur alikuja peke yake.
Mshipi kiunoni. Kamba. Kulabu inaning'inia tupu.
Akatazama saa. "Dakika mbili kwa nguvu."
Tukakimbia.
Kulabu ikagonga, ikagonga,
kengele ndogo ya kitu ambacho hakipo.

Hapo ndipo Rähn, mtu wa mbele,
akageuka.
Nilipiga kelele, nikavuta, nikaangukia goti kwenye mizizi.
Alirudi mpaka kwa Heldur, akaishika ile kulabu kwa pua,
akaisoma polepole kama kisiki cha Alhamisi,
tangu mwanzo.

"Jumanne hakuna kunusa," Heldur akasema.
Lakini hakuiondoa kulabu.

Endla aligeukia misonobari. Meelis alifunga kamba za viatu
vilivyokuwa vimefungwa.
Tulisimama dakika moja, kama ratiba inavyotaka,
kisha nyingine,
kisha nyingine,
na mwenye saa hakuitazama.